Mto Ndio Wenye Ratiba: Dhana Potofu Kuhusu Safari za Meli Kwenye Mabonde ya Mvinyo Ulaya

Mtu anayepanga safari ya kuonja mvinyo kwa meli ya mtoni Ulaya huanza na picha za meli: kabini, kitanda, meza ya chakula, bei. Mto anaufikiria mwisho. Kwa maoni yangu hapo ndipo mipango mingi inapoharibikia. Mto ndio unaoamua ukubwa wa meli, saa za kusafiri na mwezi wa kwenda, na hata kama mashamba ya mizabibu utayaona ukiwa sitahani au utapelekwa kwa basi. Safari hizi ni ghali, na wengi wetu tunadunduliza miaka kadhaa kabla ya kuzilipia, kwa hiyo dhana zifuatazo zafaa kuondolewa kabla ya kutoa malipo ya awali.

“Ni meli ya kitalii ya baharini, ila ndogo”

Meli ya mtoni hujengwa kwa vipimo vya milango ya maji. Penye bwawa, meli huingia katika chumba chembamba cha zege, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajazwa au kupunguzwa, kisha mlango wa mbele unafunguliwa nayo inaendelea ikiwa juu zaidi au chini zaidi. Kwenye njia ya Rhine, Main na Danube vyumba vingi vya aina hiyo vina upana wa mita 12. Ndiyo maana meli nyingi za huko zina upana wa mita 11 na kidogo, na urefu wa mita 110 au 135. Abiria kwa kawaida hawafiki mia mbili. Mawimbi ya bahari hakuna, na mwenye hofu ya kichefuchefu hana la kuogopa.

Hili linagusa mfuko wako moja kwa moja. Watu hulipa nyongeza kubwa wapate kabini yenye roshani. Lakini katika miji yenye meli nyingi, kama Budapest au Koblenz, meli hufungwa ubavu kwa ubavu gatini, na roshani yako inaweza kutazamana na dirisha la jirani usiku kucha. Mandhari bora yako sitaha ya juu, ambayo ni ya wote. Nayo pia hufungwa mara kwa mara, hasa kwenye Main na mfereji unaoiunganisha na Danube, kwa sababu madaraja ni ya chini na hata chumba cha usukani hulazimika kushushwa ili meli ipite.

“Nitakaa sitahani mizabibu ipite mbele yangu siku nzima”

Inategemea uko mto gani, na nisingependa mtu alipe kabla ya kuelewa tofauti hii.

Kuna mito ambako dhana hii ni kweli tupu. Bonde la kati la Rhine, kilomita 65 hivi kati ya Bingen na Koblenz, limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2002, na mizabibu imepanda mpaka kwenye kuta za ngome. Wachau nchini Austria ni kipande cha Danube cha kilomita 36 hivi kati ya Melk na Krems. Matuta yake ya mawe yanashuka karibu na maji, na juu ya Dürnstein yapo magofu ya ngome alikofungwa Mfalme Richard wa Uingereza baada ya kukamatwa mwaka 1192. Mosel ya Ujerumani inajipinda kama nyoka kati ya Trier na Koblenz, na shamba la Calmont pale Bremm lina mteremko mkali kiasi kwamba wavunaji hutumia vitoroli vya reli moja kupandisha vifaa na kushusha zabibu.

Sasa tazama Burgundy, Ufaransa. Meli inapita mto Saône na kutia nanga Chalon-sur-Saône, lakini miteremko yenye majina makubwa iko bara, na kufika Beaune, mji wa mvinyo wa huko, ni kwa basi. Bordeaux nako ni hivyo hivyo kwa sehemu: Saint-Émilion haiko ukingoni mwa mto, hushukiwa Libourne kisha safari ya barabarani. Isitoshe, Garonne na Dordogne zinapanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa kutoka Atlantiki, hivyo saa za kuondoka hupangwa kwa kufuata bahari. Tokaj ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Mvinyo wake mtamu umo kwenye kila brosha ya Hungary, lakini mji wenyewe uko kaskazini mashariki, zaidi ya kilomita mia mbili kwa barabara kutoka Budapest, kwenye mito Tisza na Bodrog. Utauonja melini, hutauona.

Halafu kuna usiku. Kwenye Danube na Rhine meli husafiri hata gizani, na inawezekana kabisa kupita Wachau ukiwa umelala. Muulize wakala saa, si siku tu: tutapita kati ya Melk na Krems saa ngapi? Anayejua kazi yake atakujibu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanze na mto upi, ninamtajia Douro wa Ureno bila kusita. Meli za abiria hazisafiri usiku huko, kwa hiyo kila kona unaiona kwa mwanga. Kutoka Porto hadi Barca d’Alva, mpakani mwa Hispania, ni kilomita zipatazo 210 zenye mabwawa matano, na lile la Carrapatelo huinua meli takribani mita 35 kwa mkupuo mmoja. Vyumba vyake vya maji ni vifupi, basi meli za huko hazizidi mita 80 na kitu. Bonde lenyewe liliwekewa mipaka rasmi mwaka 1756 chini ya waziri Marquês de Pombal, miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani kuwekewa mipaka ya mvinyo kwa sheria. Matuta yake yamechongwa kwa mikono katika mwamba, kizazi baada ya kizazi. Ukiyatazama kutoka majini unaelewa kwa nini chupa ina bei iliyo nayo.

“Septemba na Oktoba ndiyo miezi pekee ya kwenda”

Ni miezi mizuri, na pilikapilika za mavuno zina raha yake. Anayeijua Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, akumbuke kuwa Ulaya kuna mavuno moja tu. Familia nzima ya mkulima iko shambani alfajiri na kwenye mashine za kukamua zabibu usiku. Mashamba madogo, yale ambayo mwenye shamba mwenyewe ndiye angekumiminia, mengine hayapokei wageni wakati huo. Mei na Juni mkulima ana nafasi ya kuzungumza, majani yameshachanua na siku ni ndefu. Aprili mwanzoni jihadhari: picha za brosha ni za kijani, ila mizabibu utakayoikuta ndiyo kwanza inachipua. Na bonde la Douro wakati wa kiangazi ni tanuri. Julai 2022 kituo cha hali ya hewa cha Pinhão kilipima nyuzi joto 47.

Joto hilo ndilo lililofanya mvinyo wa port, ule mtamu wa Douro, ukomazwe Vila Nova de Gaia, ng’ambo ya mto kutoka Porto, kwenye ubaridi wa bahari, badala ya bondeni unakozaliwa.

“Ratiba iliyochapishwa ndiyo safari yenyewe”

Oktoba 2018 kipimo cha maji cha Kaub, kwenye Rhine, kilishuka hadi sentimita 25. Hicho si kina chote cha njia ya meli, lakini manahodha wote wa Rhine hukitazama, na kikifika chini hivyo meli kubwa hazipiti salama. Agosti 2022 maji yalipungua sana tena. Upande wa pili ni mafuriko: Septemba 2024 Danube ilifurika nchini Austria na usafiri wa meli ukasimamishwa. Na si maji peke yake. Desemba 2024 meli ya mizigo iligonga mlango wa maji wa Müden kwenye Mosel, na vyombo kadhaa vikakwama upande wa juu wa mto kwa wiki kadhaa.

Yanapotokea haya, kampuni huwapeleka abiria kwa mabasi hadi kwenye meli nyingine iliyo upande wa pili, au huigeuza meli kuwa hoteli iliyofungwa gatini. Mikataba mingi inawaruhusu kufanya hivyo bila kurudisha pesa yote. Soma kifungu hicho kabla ya kulipa, na tafuta bima inayotaja wazi mabadiliko yanayosababishwa na kina cha maji. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi yenye hatari zaidi ya ukame kwenye Rhine. Douro na Mosel, kwa kuwa mabwawa yanashikilia maji yake, hazisumbuliwi sana na kiangazi.

“Riesling ni mtamu, na port ndiyo mvinyo wa Douro”

Riesling ni mvinyo mweupe, na nyingi za Ujerumani leo ni kavu, yaani hazina utamu. Tafuta neno *trocken* kwenye lebo. Lisipokuwepo, angalia kiwango cha kileo: asilimia 8 au 9 kwa kawaida ina maana sukari imebaki, asilimia 12 na kuendelea ina maana imekwisha kugeuka kileo. Wachau wana ngazi zao: Steinfeder mwepesi, Federspiel wa kati, Smaragd mzito, na zote ni kavu.

Port utamu wake una sababu. Zabibu zikiwa katikati ya kuchachuka, hutiwa pombe kali ya zabibu ya asilimia 77, hamira inakufa na sukari inabaki. Lakini miteremko ile ile hutoa mvinyo mwekundu mkavu wa mezani, mzuri sana, na mgeni asiyeuomba anaweza kurudi bila kuuonja.

“Asiyekunywa hana la kufanya”

Si kweli, na ninalisema kwa ajili ya familia zetu ambamo mmoja anakunywa na mwingine dini yake haimruhusu. Wakati kundi moja liko kwenye ghala la mvinyo, kwa kawaida kampuni hutoa matembezi mengine: abasia ya Melk, vigae vya buluu vya kituo cha treni cha Pinhão, hospitali ya karne ya 15 ya Beaune. Wajulishe mapema, pamoja na masharti ya chakula. Na hata wanywaji hawalazimiki kumeza. Wataalamu hutema kwenye chombo maalumu, na hakuna mwenye shamba anayeona ni kukosa adabu.

Viza na chupa

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki huambiwa kwamba viza huombwa nchi ya kwanza meli inakoanzia. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na ya kuingilia huhesabiwa pale tu siku zinapolingana. Hesabu usiku kwa usiku kwenye ratiba. Danube ya chini ina mtego wake: Serbia haimo Schengen, na ukitoka kwenda Belgrade kisha kuingia Bulgaria au Romania utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000.

Chupa ziweke kwenye sanduku linaloingia tumbo la ndege, zikiwa zimefungwa nguo. Kinywaji chenye kileo kisichozidi asilimia 24, port ikiwemo, hakina kikomo kwa kanuni za usalama wa ndege. Kikomo kiko forodhani nyumbani: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mtu mzima lita mbili za mvinyo bila ushuru. Chupa mbili za kawaida zinapita. Ya tatu itangaze.