Marejesho ya pango, na mambo mengine ya kupeleka kwa mbunge wako wa Pennsylvania

Sheria namba 7 ya mwaka 2023 ilipanua mpango wa jimbo la Pennsylvania wa kuwarejeshea wakazi sehemu ya kodi ya majengo au ya pango. Zamani mpangaji mwenye kipato cha zaidi ya dola 15,000 kwa mwaka alikuwa nje ya mpango. Sasa mpangaji na anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe wanapimwa kwa kiwango kimoja cha kipato, kilichoanzia dola 45,000 na kinachopanda kufuata gharama za maisha. Kwa madai ya mwaka 2024 kilikuwa dola 46,520. Wazee wengi wanaozungumza Kiswahili huko Lancaster, Erie na Pittsburgh wanaweza kuwa ndani ya kiwango hicho, na ofisi ya mbunge wa eneo lao hujaza fomu bila kutoza hata senti.

Lakini ni mbunge yupi? Hapa Kiswahili kinatuchanganya, kwa kuwa neno “jimbo” tunalitumia kwa Pennsylvania nzima na pia kwa eneo la uchaguzi, na “mbunge” tunamwita wa Harrisburg, makao makuu ya Pennsylvania, na wa Washington vilevile. Huduma tunazozieleza hapa ni za bunge la Harrisburg, lenye wawakilishi 203 na maseneta 50. Kila mkazi ana mwakilishi mmoja na seneta mmoja katika bunge hilo, na yeyote kati yao anaweza kukuhudumia. Unapopiga simu kuuliza wako ni nani, taja anwani kamili yenye namba ya nyumba. Msimbo wa posta peke yake hautoshi, kwa sababu msimbo mmoja unaweza kugawanywa kati ya wabunge wawili au watatu.

Wanaostahili marejesho ni wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, wajane na wagane kuanzia miaka 50, na watu wenye ulemavu kuanzia miaka 18. Mume na mke hudai mara moja, si kila mtu na fomu yake.

Hesabu ya kipato ndiyo inayowakatisha watu tamaa bila sababu. Fedha za Social Security (pensheni ya serikali ya shirikisho) na SSI (msaada wa shirikisho kwa wazee na wenye ulemavu wa kipato kidogo) huhesabiwa nusu tu. Mzee anayepokea dola 1,200 kwa mwezi kutoka Social Security, bila kipato kingine, ana dola 14,400 kwa mwaka, lakini kwenye fomu zinahesabiwa 7,200. Kwa mwaka 2024, kipato kisichozidi dola 8,270 kilimpa mtu hadi dola 1,000. Kuanzia hapo hadi 15,510 ilikuwa dola 770, hadi 18,610 dola 460, na waliobaki hadi kikomo dola 380.

Hizo ni za juu kabisa. Kwa mpangaji, jimbo huchukua asilimia 20 ya pango alilolipa mwaka mzima, kisha humpa kiasi kilicho kidogo kati ya hicho na kile cha juu kilichotajwa kwa kipato chake. Mzee wetu huyo akiwa analipa dola 600 kwa mwezi, amelipa 7,200. Asilimia 20 ni 1,440, basi anapata 1,000. Akiwa kwenye nyumba ya ruzuku na sehemu yake ni dola 200 kwa mwezi, asilimia 20 ya 2,400 ni dola 480, na hizo ndizo atakazopokea. Sehemu inayolipwa na mamlaka ya nyumba si yako, usiiandike. Wala miezi ambayo ulipokea msaada wa fedha taslimu kutoka Idara ya Huduma za Jamii haihesabiwi.

Fomu kuu ni PA-1000. Njoo ofisini kwa mbunge na uthibitisho wa umri kama ni mara yako ya kwanza, barua ya Social Security iitwayo SSA-1099, uthibitisho wa vipato vingine vyote, namba ya akaunti ya benki, na cheti cha pango, PA-1000RC, kilichosainiwa na mwenye nyumba. Cheti hiki ndicho kinachokwamisha madai mengi. Kikirudi bila saini, au bila idadi ya miezi uliyoishi hapo, madai yanasimama. Mwenye nyumba akikataa kusaini, msigombane. Fomu hiyohiyo ina kiapo cha mpangaji, na utaambatanisha nacho uthibitisho wa malipo. Kwa hiyo anayelipa pango kwa fedha mkononi adai risiti kila mwezi, yenye tarehe, anwani na jina la aliyepokea. Sharti jingine ni kwamba nyumba yenyewe iwe inalipiwa kodi ya majengo, au malipo yanayowekwa badala yake. Isipolipiwa, mpangaji wake hana cha kudai, hata kama yeye amelipa kila mwezi.

Siku ya mwisho kisheria ni 30 Juni, na malipo huanza kutoka 1 Julai. Kwa miaka mingi siku hiyo imekuwa ikisogezwa hadi 31 Desemba, na watu wameizoea hiyo kana kwamba ndiyo sheria. Siyo. Leta karatasi Februari au Machi.

Tafadhali, msimlipe mtu yeyote sehemu ya marejesho yenu kwa kujaziwa kurasa chache. Na asiwaandikie kipato pungufu akidai ni kuwasaidia: aliyesaini ndiye anayewajibika. Madai ya udanganyifu hukataliwa yote, huongezwa faini ya asilimia 25 ya kiasi kilichodaiwa, na mhusika anaweza kutozwa hadi dola 1,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Ofisi za wabunge wa Harrisburg pia hufuatilia leseni na usajili wa magari kwa PennDOT, idara ya usafiri ya Pennsylvania, huomba vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa Pennsylvania (ada ya jimbo ni dola 20), hutafuta fedha zilizosahaulika ambazo Hazina ya jimbo inazitunza, na huuliza kwa nini ombi la chakula, bima ya afya au fidia ya kukosa kazi limekwama. Ukihama, PennDOT ijulishwe ndani ya siku 15.

Mambo ya uhamiaji, pasipoti ya Marekani na Social Security yenyewe ni ya mbunge wa Washington. Huyo atakutaka kwanza usaini fomu ya ridhaa, maana bila hiyo idara ya shirikisho haitamjibu kuhusu faili lako. Kesi iliyo mahakamani hakuna mbunge atakayeigusa, wa Harrisburg wala wa Washington. Tena, hapa mbunge hana mfuko wa eneo la uchaguzi, kama uliozoeleka Kenya, wa kutoa karo, na kumwomba mchango wa mazishi ni kujisumbua. Hakunyimi, fedha hiyo haipo.

Ukiwa na barua ya kukataliwa, ilete nzima, pamoja na bahasha yake. Kumwandikia mbunge hakusimamishi siku za rufaa. Kwa fidia ya kukosa kazi ni siku 21 tangu tarehe ya uamuzi; kwa mengine fuata tarehe iliyochapwa kwenye barua. Kata rufaa kwanza, halafu njoo.

Unapopanga miadi, sema mapema kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili, au uje na mtu mzima unayemwamini. Mtoto wa shule asitumike kutafsiri maswali ya kipato na ulemavu wa mzazi wake.