Tanga kwa miguu, na kivuli tunachokikata

Nilikwenda Tanga kwa kazi ya siku nne, nikakaa nane. Wenyeji wana msemo wao, "waja leo, waondoka leo", lakini siku yangu ya kuondoka ilipofika bado nilitaka kurudi kwenye mtaa mmoja wa mjini saa nane mchana, nihakikishe kwamba nilichokiona jana yake sikukiota.

Nilichokiona ni watu wanatembea. Jua la Februari limesimama utosini, na watu wanatembea polepole, wanasimama kuulizana hali, wanashika khanga zilizotundikwa nje ya duka, wanarudi nyuma kuongeza neno walilolisahau. Mimi ni mpangamiji na naishi Dar es Salaam. Kwetu saa hiyo mwenye uwezo wa kutotembea hatembei, na asiye na uwezo anatembea akiwa ameinamisha kichwa, anahesabu hatua mpaka kituoni. Mji ambao watu wake wanatembea saa nane mchana kwa hiari una jambo la kutufundisha sisi tunaochora ramani.

Jambo lenyewe ni kivuli. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua linapanda mashariki, linapita karibu na utosi, linashukia magharibi. Mtaa unaolala kaskazini-kusini una kivuli cha kuazima: asubuhi nyumba za upande wa mashariki zinaukinga, alasiri zinapokewa na za magharibi, na mwenye kutembea anachohitaji ni kuvuka upande tu. Mtaa unaolala mashariki-magharibi hauna bahati hiyo. Jua linaufuata kutoka mwanzo hadi mwisho kama gari moshi kwenye reli yake, na hapo nyumba yenyewe lazima imtolee mpita njia kivuli.

Waliojenga maduka ya Uhindini walilijua hilo. Katika nyumba kadhaa za zamani, ghorofa ya juu imetokeza mbele ya duka na kushikwa na nguzo, na chini yake ndipo watu wanapopita. Nguzo moja niliyoegemea nikinywa kahawa imelainika mpaka inang'aa, lakini kwa kimo cha bega tu. Juu na chini yake chokaa bado inakwaruza. Ni mabega ya watu yaliyoipiga msasa, miaka na miaka, kila mmoja akisimama hapo dakika mbili tatu. Mbele ya nguzo fundi amekaa na cherehani yake, mguu kwenye pedali, kitambaa kimemwangukia mapajani. Wapita njia wanampitia nyuma bila kumgusa. Upana wa varanda ile niliupima kwa hatua, mbili na nusu. Watu wawili wanapishana, wa tatu anashona, na hakuna anayemwambia mwenzake apishe.

Jioni nikaanza kuhesabu milango. Hii ni desturi yangu kila nikifika mji nisioujua: nachukua hatua 100, sawa na mita 70 hivi, nahesabu milango iliyo wazi upande mmoja. Mtaa ule ulinipa 17. Duka la vitenge, la spea za baiskeli, la dawa, kinyozi, wa kuuza ubani na udi, ngazi ya kupandia ghorofani, duka la vyombo, na kadhalika. Kisha nikaenda kuhesabu mbele ya jengo jipya la biashara lililojitenga nyuma ya uzio na maegesho yake: hatua 100, lango 1 na mlinzi. Tofauti haiko kwenye uzuri wa jengo. Iko kwenye upana wa kiwanja. Viwanja vya mjini Tanga vilikatwa vyembamba mbele na virefu kwenda nyuma, ili kila mfanyabiashara apate uso wake mtaani, na uso huo mwembamba ndio unaomfanya mtembea kwa miguu asihisi umbali. Macho yanapata kitu kipya kila baada ya hatua tano au sita.

Mzee mmoja aliyeketi barazani alikuwa akinitazama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Mbona wapita wapita, umepoteza kitu?"

"Hapana babu, nahesabu milango."

Akafikiri. "Basi hesabu na iliyofungwa. Hiyo nayo ilikuwa na watu."

Alikuwa sahihi, na nilirudi kuihesabu. Ghorofani mbao za madirisha zimeachia, na mlango mmoja mti umeotea kwenye kizingiti chake. Tanga ilikua kwa reli na mkonge. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoletwa nchini, na mwaka 1911 reli ikafika Moshi. Mji ulipimwa kwa miguu na mkokoteni kwa sababu hapakuwa na chombo kingine: bandari, stesheni, soko na nyumba za kulala vyote viliwekwa mahali ambapo mtu angeweza kufika kabla jasho halijamkauka. Mkonge ulifika kileleni miaka ya 1960. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000, kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, na mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, na familia nyingi za Kihindi zilizojenga mitaa hii zikaondoka.

Wenzangu wengi wanalieleza hilo kama msiba mtupu, na kwa walionyang'anywa ulikuwa msiba. Lakini kwa mtaa wenyewe kulikuwa na tokeo lingine. Kwa kuwa fedha zilikauka, hakuna aliyenunua viwanja vitano akaviunganisha ajenge mnara wa vioo. Vile viwanja vyembamba vimebaki vyembamba. Kariakoo ya Dar es Salaam haikusalimika hivyo: nyumba za chini zenye baraza zimeng'olewa moja baada ya nyingine, na mpita njia sasa anagombea nafasi na bodaboda kwenye ukingo wa mtaro.

Katikati ya mji wa Tanga si mahali pamoja, ni pawili, na reli inapita katikati. Kaskazini ni Uzunguni na Uhindini, kuna Bustani ya Jamhuri na mnara wake wa saa ukiitazama bandari, na kisiwa cha Toten mbele yake. Kusini ni Ngamiani, mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu, yenye majina ya namba: Barabara ya Tano, ya Nane, ya Kumi na Mbili. Mpangilio huo ulifanywa na wakoloni waliotaka watu wa kila rangi wakae upande wao, na reli iliwafaa kama uzio. Nasema waziwazi, kwa sababu tunaposifia mitaa ya zamani huwa tunasahau kwamba ilichorwa pia ili wengine wasiivuke.

Watu wameivuka hata hivyo. Kutoka Bustani ya Jamhuri hadi soko la Ngamiani nilitumia robo saa na ushei, na sehemu niliyoifurahia kuliko zote ni ile ya relini. Kuna vijia vya miguu vilivyochimbika kwenye kokoto mahali ambapo hakuna mchoro wowote uliovipanga. Wanafunzi wanapita hapo, akina mama wenye vikapu, wanaume wanaokokota baiskeli. Ukitaka kujua kivuko kiwekwe wapi, fuata hivyo vijia. Watu wa Tanga wameshafanya upimaji kwa nyayo zao, na ni upimaji bora kuliko wangu.

Na baiskeli! Mji ni tambarare, kwa hiyo baiskeli hapa haina umri wala jinsia. Nilimwona mama wa makamo, buibui amelikusanya upande mmoja, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika trei ya mikate, akamsalimia mtu wa upande wa pili bila kupunguza mwendo.

Moshi nayo inatembeleka, na Iringa pia ukizoea mlima, lakini katika miji yote mitatu nimeona hatari moja, na hatari hiyo ni sisi wataalamu. Miaka michache iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nilikuwa kwenye timu iliyochora upanuzi wa barabara ya katikati. Mchoro ulikuwa safi: njia za magari, mtaro, taa, njia ya miguu ya mita 2 kila upande. Miarobaini iliyokuwa kando haikuwemo kwenye ramani kwa sababu wapima hawakuichukua, na mimi sikuuliza. Ikakatwa kwa siku mbili. Nilirudi baada ya mwaka. Njia ya miguu ipo, matofali yake mazuri, haina mtu. Watu wamehamia uchochoro wa nyuma, kwenye vumbi, kwa kuwa huko kuna ukuta mrefu unaotoa kivuli. Mama aliyekuwa akiuza mihogo chini ya mwarobaini mmojawapo sikumwona tena. Lilikuwa kosa langu, na bado linaniuma.

Ndiyo maana Tanga nilitazama miti kuliko majengo. Barabara nyingi za mji ziliboreshwa katika mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kazi ile ilileta lami, mitaro na taa ambazo zinawafaa watu usiku. Mwanamke anayerudi nyumbani saa mbili usiku kwenye mtaa wenye taa anajua thamani yake, na mimi siibezi. Ninachoomba ni mti uhesabiwe kama taa inavyohesabiwa. Taa ina namba, ina bajeti, ina mtu wa kuibadilisha ikizima. Mkungu uliokua miaka 40 ukikatwa hauandikwi popote.

Kitu kingine ni stendi. Mabasi ya mikoani sasa yanashushia Kange, nje ya mji, na sababu zake zinaeleweka, msongamano ulikuwa mkubwa. Lakini zamani msafiri alishuka basi akaingia mjini kwa miguu, akala, akanunua kitambaa, akapanda tena. Sasa anapanda bajaji au daladala, na akishapanda chombo anashukia mlangoni anapokwenda. Maduka yaliyo katikati ya njia hayamwoni. Wauzaji wawili walinieleza jambo hilo bila mimi kuwauliza.

Nimerudi Dar es Salaam na mchoro mwingine umenisubiri mezani, wa mtaa mmoja wa soko katika mji mdogo. Safari hii nimewarudisha wapima wakachukue kila mti wenye shina nene kuliko paja la mtu mzima. Wamenipatia 31. Juu ya ramani nimechora mistari ya kijivu: kivuli cha saa nne asubuhi na cha saa nane mchana, mara moja kwa Juni, jua la mchana linapolalia kaskazini, na mara moja kwa Desemba, linapolalia kusini. Kuna kipande cha kama mita 60, mbele ya zahanati, ambacho mistari yote inakiruka. Hapo nimeweka mikungu sita. Ili mizizi ipate nafasi, mtaro inabidi usogee nusu mita, na mhandisi anataka kujua fungu gani la bajeti litalipia hiyo nusu mita. Tunakutana Jumatatu.