Anthologia Latina haikukusanywa Karthago

Antholojia ni mkusanyo wa tungo za washairi wengi, zikapangwa na mkusanyaji. Za mshairi mmoja ni diwani. Hapo hatugombani. Kinachonikera ni kusikia, hata kwa walimu, kwamba "Anthologia Latina ilikusanywa Karthago karne ya 6". Kauli hiyo inafanya vitu viwili kuwa kimoja.

Anthologia Latina, yaani antholojia ya tungo za Kilatini, ni jina walilolitoa wahariri wa enzi ya uchapaji kwa mikusanyo yao. Pieter Burmann alitoa mkusanyo wake mwaka 1759 na 1773, akazipanga tungo kwa mada. Mwaka 1869 Alexander Riese alianza kutoa wake, akafuata miswada zilimotoka, na humo zimo tungo za zama na nchi mbalimbali. Kilichokusanywa Karthago, karibu na Tunis ya leo, mwishoni mwa utawala wa Wavandali, watu wa kabila la Kijerumani walioiteka Afrika Kaskazini, au punde baada ya Belisarius, jemadari wa Roma ya Mashariki, kuuteka mji mwaka 533, ni kingine. Tunakijua hasa kupitia mswada mmoja wa ngozi ulionakiliwa yapata mwaka 800, ambao sasa uko Paris. Unaitwa Codex Salmasianus, kwa jina la Claude Saumaise, mwanazuoni Mfaransa aliyekuwa nao karne ya 17. Sehemu yake ya mwanzo imepotea.

Mpangilio wake ni wa kupendeza mno, maana aliyekusanya aliangalia umbo la utungo. Karibu na mwanzo wa kilichosalia ziko tungo zilizoungwa kwa vipande vya mishororo ya Vergil, mshairi mkuu wa Roma ya kale, ikiwemo tamthilia nzima ya Medea. Zipo kwa pamoja pia zile za mishororo miwiliwili, ambazo kipande cha kwanza cha mshororo wa juu hurudi vilevile kufunga wa chini. Vipo vitendawili 100 vya Symphosius, kila kimoja mishororo mitatu. Kimojawapo: nyumba inavuma, mgeni wake kimya, na wote wawili wanakimbia pamoja. Ni mto na samaki. Baada yake kinakuja kitabu cha Luxorius, mshairi wa Karthago, pamoja na utangulizi wake.

Sasa, mhariri D. R. Shackleton Bailey alipotoa toleo lake la Anthologia Latina mwaka 1982, aliziacha nje zile tungo za vipande vya Vergil. Anayelisoma akidhani ndio mpango wa Karthago anakosa kundi zima ambalo mkusanyaji alilitanguliza. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkimzungumzia mkusanyaji wa karne ya 6, tajeni Salmasianus. Mkisema Anthologia Latina, semeni na ya nani: ya Burmann, ya Riese au ya Shackleton Bailey.