Je, wajua kwa nini nyumba ya mzee wa Kichaga anaachiwa mziwanda?

Ukikaa kijiweni pale Moshi mjini ukauliza kwa nini kwa Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndo anabaki na nyumba ya wazazi, utajibiwa chap, kwamba mziwanda hudekezwa. Mwingine atasema mama ndo anampendelea. Jibu hili limezoeleka mpaka ndugu wakigombania mirathi wanatupiana hilohilo. Ila sio kweli, na linaumiza familia nyingi, kwa sababu linaufanya urithi ule uonekane zawadi wakati ulikuwa malipo ya kazi.

Angalia kitu kimoja. Mtoto wa kwanza wa kiume naye alikuwa na fungu lake, tena zuri tu, aliyekuwa anabanwa ni wa katikati. Sasa kama ishu ni deko, huyu wa kwanza anaingiaje? Na kama ni ukubwa, wa mwisho anaingiaje? Hapo ndo unaona upendo wa mama hauelezi chochote, inabidi uangalie ardhi na umri wa wazazi.

Ardhi yenyewe ni kihamba, yaani lile eneo la huku milimani linalozunguka nyumba, mara nyingi halifiki hata ekari mbili, mpakani kuna masale, mmea unaopandwa kuonyesha mpaka, ndani migomba, chini ya migomba kahawa, chini zaidi magimbi, ng'ombe yuko zizini analetewa majani, na pembeni kuna makaburi ya babu na bibi. Wa kwanza akioa baba bado ana nguvu, anamkatia kipande au anamtafutia kihamba kingine, anaenda kujenga. Wanaofuata wanatafutiwa nao, enzi hizo maeneo bado yapo. Mpaka mziwanda anaoa wazazi wameshachoka na cha kukata hakuna. Ni kama daladala ya kutoka Moshi kwenda Marangu, abiria wanashuka mmoja mmoja njiani, anayefika mwisho wa safari hakuchaguliwa na konda, ni kwamba wenzake wote wameshashuka. Na huyo aliyebaki ndo anakata majani ya ng'ombe, ndo anampeleka mama hospitali usiku, ndo anawazika wazazi palepale kihambani. Nyumba ni ujira wake.

Sio kila sehemu ni hivyohivyo lakini. Rombo sio Machame, koo nazo zina taratibu zake, na mzee mwenye wake wengi kila mke alikuwa na nyumba yake kwa hiyo hesabu inabadilika.

Kilichovuruga mpango ni shule na uhaba wa ardhi. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ikaanza 1933, hela ya kahawa ikasomesha watoto na watoto wakaondoka. Sensa ya 2022 ilikuta mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,861,934 kutoka 1,640,087 mwaka 2012, ongezeko la kama asilimia 1.3 kwa mwaka wakati nchi nzima ni 3.2, na kuhama ni sababu mojawapo.

Saivi mziwanda yuko Dar au Arusha, anatuma hela kwa simu, anarudi nyumbani Desemba. Anayemgeuza mama kitandani, anayempikia mtori na kumlisha kijiko kwa kijiko, ni dada wa kazi au binti wa familia ambaye ndoa ilimshinda akarudi. Mama akifa mila inamtaja mziwanda, kazi kafanya mwingine, na hapa ndo naona dhuluma yenyewe ilipo maana malipo yanaenda kwa asiyefanya kazi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Shida inaanzia chini, ukifungua mirathi mahakama ya mwanzo mara nyingi unaombwa muhtasari wa kikao cha ukoo, na kikao mara nyingi kinashikwa na wanaume, binti aliyeuguza asipoitwa hakuna wa kumsemea. Wazee wengine wameshaliona hili, wanamkatia binti kipande chake wakiwa hai, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, kikao kikija kukaa kinakuta limeshaisha.