Matuta ya Ifugao hayana miaka 2,000

Ukisoma habari za Waigorot, watu wa milima ya Cordillera kaskazini mwa Ufilipino, hukosi kuambiwa kwamba matuta ya mpunga ya Waifugao, mojawapo ya makundi ya Waigorot, yana miaka 2,000 au zaidi. Dai hili lilienezwa katika karne ya 20 na Wamarekani Roy Barton na Henry Otley Beyer. Halikutokana na uchimbaji: walikadiria tu muda ambao ungehitajika kujenga kuta nyingi kiasi kile.

Kuanzia 2012, mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake, wakishirikiana na Waifugao wenyewe, walichimba kijiji cha kale cha Kiyyangan. Tabaka za chini zilionyesha watu waliokula magimbi. Dalili za mpunga wa majini zinaonekana baadaye sana, karibu na miaka ya 1600, Wahispania walipokuwa wakisonga mbele mabondeni na watu kukimbilia milimani.

Wapo wanaoona umri huo mdogo unawashusha Waifugao. Mimi naona kinyume chake. Simulizi ya zamani iliwafanya waonekane watu walioganda tangu enzi na enzi. Ushahidi unaonyesha jamii iliyojipanga upya haraka: ikajenga kuta za mawe na udongo kwenye miteremko mikali, ikatunza misitu ya muyong juu ya mashamba ili maji yasikauke, ikalisha watu wengi. Wahispania walijaribu kwa karne tatu kuitiisha Cordillera, wakashindwa.