Kumomonyoka si kuporomoka

Kila mafuriko yakipita husikika sentensi ileile: "Ukingo wa mto umemomonyoka mita mbili kwa usiku mmoja." Anayeisema ameona jambo la kweli, ila kitenzi alichochagua ni cha jambo jingine, na kosa hilo huja kutokeza tena kwenye vipimo na kwenye dawa.

Kwa ufupi, mmomonyoko wa kingo ni maji kung'oa punje za udongo ukingoni na kwenda nazo. Punje hizo zikitua ndizo mashapo.

Sasa kitenzi chenyewe. Kumomonyoa ni kuondoa kitu kidogo kidogo, na hata silabi zake hujirudia kama kazi isiyokwisha. Ukuta wa udongo unaopigwa na mvua mwaka hadi mwaka unamomonyoka: pitisha kiganja, utabaki na vumbi. Kuporomoka ni kitu kizito kushuka kwa mkupuo; ndiyo maana tuna maporomoko ya ardhi, na hata bei huporomoka. Kati yake kuna kumeguka, yaani kipande kuachana na kilichobaki. Vitenzi vitatu kwa hatua tatu, nasi tumeng'ang'ania kimoja.

Mtoni huwa hivi. Maji hukwangua mguu wa ukingo, hasa upande wa nje wa pindo, ambako mkondo una kasi. Nguvu ya kukwangua huongezeka kwa kina na mteremko: maji ya kina cha mita 2, kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 1,000, huikwangua sakafu ya mto kwa takriban nyutoni 20 kwa kila mita ya mraba. Hizo zinatosha kuanza kuviringisha kokoto za sentimita 2.5 hivi. Mchanga mlegevu huondoka mapema zaidi. Mfinyanzi, ijapokuwa punje zake ndizo ndogo kuliko zote, hushikamana na kukaidi. Mpaka hapa, neno mmomonyoko ni sahihi kabisa.

Mguu ukishaliwa, sehemu ya juu hubaki ikining'inia. Ufa hujitokeza sambamba na mto, mara nyingi umefichwa na nyasi. Na jambo linalowashangaza wengi: mara nyingi ukingo hauanguki mafuriko yakiwa kileleni, huanguka maji yakishuka. Mto ukijaa, maji yenyewe huuegemeza ukingo. Yakipungua haraka, egemeo limeondoka na udongo bado umelowa, ni mzito, na maji yaliyomo ndani yanasukuma punje ziachane. Ndipo unapomeguka, kisha unaporomoka. Mabonge yaliyoanguka huukinga mguu kwa muda, hadi mkondo uyamomonyoe nayo, na kazi ianze upya.

Kwenye vipimo, mmomonyoko hufuatiliwa kwa nondo nyembamba za nusu mita hadi mita moja, zinazopigiliwa zikilala ndani ya ukingo na kuachwa sentimita 5 nje. Baada ya kila mafuriko husomwa urefu uliozidi kutokeza. Ukingo ukiporomoka, nondo huenda nao, au hufunikwa na kifusi na kusomeka kana kwamba ukingo umekua. Poromoko linahitaji mkato wa mto mzima: utepe uvutwe kati ya vigingi viwili vya kudumu, kimo kisomwe kila mteremko unapobadilika, na mstari uleule urudiwe. Vigingi vikae mbali na ufa. Vikiwa karibu, navyo vitatumbukia.

Dawa nayo hufuata kitenzi. Nyasi zenye mizizi ya nusu mita huzuia uso wa ukingo usikwanguliwe. Kwenye ukingo wa mita 3 unaoliwa mguuni, nyasi hizohizo zitashuka na bonge zikiwa bado za kijani. Hapo mawe yaanzie chini, chini hasa, kwenye sakafu ya mto, na maji yaliyomo ukingoni yapewe njia ya kutoka.

Kwa hiyo ripoti ya baada ya mafuriko isomeke "ukingo umeporomoka mita mbili", na kwenye mstari wake wenyewe iandikwe mguu ulikuwa umemomonyoka kiasi gani kabla ya hapo. Mmomonyoko haufutwi kwenye ripoti. Unashushwa tu mahali pake, pale chini maji yanapogusa udongo.