"Si mwaona hapo kwenye kompyuta, daktari?"

Wiki hii nimelisikia swali hilo mara sita, na mara ya sita nilishindwa kuficha uso. Mzee ameletwa na bintiye, wamevuka feri kutoka Likoni asubuhi na mapema, kidonda cha mguu kimeanza kutoa usaha. Nikauliza baba anatumia dawa gani. Binti akaninyooshea kidole kwenye skrini. "Si mwaona hapo, daktari? Juzi alichukuliwa alama za vidole. Kila kitu kimo."

Kilichokuwemo ni jina lake, nambari ya kitambulisho, na kwamba michango yake imelipwa. Basi.

Dhana hii, kwamba kompyuta inaonyesha dawa zote za mgonjwa, ndiyo inayonikosesha raha kuliko zote, kwa sababu mtu akishaiamini huja mikono mitupu. Kadi ya kliniki imebaki nyumbani, pakiti za dawa zimebaki kabatini. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya hapa Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, watu wakazoea kuona jina lao likitokea kila kituo wanachoingia, wakadhani na historia ya ugonjwa imewafuata. Kilichowafuata ni bima. Alama ya kidole inathibitisha kuwa wewe ni wewe na kuonyesha nani atalipa. Faili la matibabu ni kitu kingine.

Kuna wanaonibishia kwamba kila mwezi tunapeleka ripoti wizarani. Kweli tunapeleka, na mfumo huo umetumika nchi nzima tangu 2011. Lakini wenyewe unahesabu tu: malaria wangapi, waliojifungua wangapi, watoto waliochanjwa wangapi. Jina lako halimo.

Ipo pia Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, inayotaka mifumo iunganishwe. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ila hospitali hii imenunua programu kwa kampuni moja, jirani yake kwa nyingine, na wapo ambao bado wanaandika kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Halafu kuna majina yetu ya Pwani. Mama mmoja ameandikwa Mwanaisha huku, Mwanaesha kule, Mwana Aisha kwengine, na tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari kama wazee wengi wa rika lake. Kompyuta inaona wanawake watatu. Mzio wa penisilini umeandikwa kwa mmoja wao tu.

Turudi kwa mzee. Kidonda kama kile, Flagyl, dawa ya kuua bakteria, ni moja ya dawa ninazoziandika. Nikamwomba binti apige simu nyumbani kwanza. Mjukuu akafungua kabati, akatuma picha kwa WhatsApp: warfarin, miligramu 5. Ni dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi, na ikikutana na Flagyl nguvu yake hupanda, mtu anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani. Nikaandika dawa nyingine, na kipimo cha damu cha kufuatilia.

Kwa hivyo nawaomba, nami sitachoka kuomba: pigeni picha kila pakiti ya dawa ya mzazi wenu, upande wenye jina na miligramu. Zile tembe za kwenye bahasha ya karatasi, msiondoke dirishani mpaka mhudumu ameandika jina la dawa. "1x2" peke yake hainiambii kitu. Na kama kuna dawa iliwahi kumfurisha uso au kumtoa vipele, iandikeni kwenye simu hiyo hiyo.

Mengine nitayapitia haraka. Kujiandikisha SHA kwa simu, kwa *147#, si kulipa. Kwenye zahanati na kituo cha afya cha umma usajili unatosha kwa huduma za msingi. Ukilazwa hospitalini, michango ndiyo itakayoulizwa.

Programu ya kuweka kidole kwenye kamera ya simu ikakupa presha, ifuteni. Marekani waliijaribu moja ya aina hiyo, matokeo yakatoka 2016: katika kila watu watano wenye presha ya juu, karibu wanne iliwaonyesha wako sawa. Presha hupimwa kwa mkanda mkononi, umekaa dakika tano, umeegemea, miguu haikupandana, na husemi na mtu.

Na wale wanaoogopa kwamba kompyuta itaanika siri zao: sheria ya kulinda data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mfumo uliotengenezwa vizuri unaandika nani amefungua faili lako na saa ngapi. Daftari la mezani halijui nani amelifunua. Kinachonitia hofu mimi ni nenosiri moja linalotumiwa na wafanyakazi watano, maana hapo hata mfumo haujui nani ni nani. Mkiona hivyo, lalamikeni.

Jana mzee amerudi kubadilishwa bandeji. Kabla sijauliza, binti ameshatoa simu: picha nne, moja haisomeki. Nikamwambia aipige tena mchana, karibu na dirisha.